Si kila jiwe la Mwanza linakula hewa ukaa

Tangu habari za "mawe yanayonyonya hewa ukaa", ile gesi ya moshi inayoongeza joto duniani, zianze kuzunguka kwenye makundi ya simu, sisi wa Mwanza tunatembea kifua mbele. Kama ni mawe, nani atatushinda? Panda Isamilo au Mabatini uone nyumba zilivyobanwa kati ya majabali. Sayansi yenyewe ni ya kweli. Hesabu tunazojipigia ndizo zina kasoro, na nitazijibu moja moja kama ninavyozisikia.

"Jiji la Miamba tuna mtaji tayari."

Hili linauma kulisema, lakini jiwe halikamati hewa ukaa kwa ukubwa wake. Linakamata kwa kilichomo ndani yake. Mvua ikishuka huyeyusha hewa ukaa kidogo na kuwa asidi dhaifu. Asidi hiyo ikikutana na mwamba wa silika (aina ya miamba iliyo mingi duniani) wenye magnesiamu na kalsiamu nyingi, mwamba unalika polepole, na ile hewa inageuka bikaboneti, ndugu wa magadi tunayotia kwenye maharage. Bikaboneti husafiri na maji hadi mtoni na baharini, na huko inaweza kukaa maelfu ya miaka bila kurudi angani. Dunia imefanya kazi hii tangu zamani. Wanasayansi wanataka kuiharakisha tu: kusaga jiwe liwe unga, ili maji yapate pa kugusa, kisha kuumwaga mashambani.

Majabali yetu ni graniti, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na kilichojaa humo ni kwazi na felspa, madini magumu ya rangi nyepesi. Magnesiamu ni kiduchu, kalsiamu si nyingi, na kulika kwake ni kwa mwendo wa kinyonga. Jiwe la Bismarck, lile jabali maarufu la ziwani hapa Mwanza, bado limesimama pale majini kwa sababu hiyohiyo: haliko tayari kuchangamana na mtu.

Miamba inayotafutwa ni myeusimyeusi ya volkano, hasa bazalti, au yenye olivini, madini ya kijani. Kwa hesabu ya kemia, tani moja ya olivini safi ikiyeyuka yote inaweza kufunga hadi tani 1.25 ya hewa ukaa. Shambani haifiki huko, tena haifiki upesi.

Ukitaka jiwe la namna hiyo kanda hii, elekea Shinyanga. Almasi za Mwadui, zilizogunduliwa mwaka 1940, zimo kwenye kimbalaiti, mwamba ambao kwa asili una magnesiamu nyingi. Watafiti wa Afrika Kusini na Kanada wamekuwa wakichunguza mabaki ya migodi ya almasi kwa sababu yameshasagwa tayari, na kusaga ndiko kunakokula umeme. Hata hivyo rundo la mabaki halifanani na rundo jingine. Hupimwa kwanza, halafu ndiyo watu huanza kuota.

"Basi tuchukue marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kutolewa dhahabu, nayo ni unga."

Tafadhali, hapana. Unga unaotoka kwenye makarasha (mashine za kusaga mawe) ya wachimbaji wadogo wa Geita au Misungwi mara nyingi ni wa kwazi, na kwazi haifungi kitu. Juu ya hapo unaweza kuwa na zebaki, na pengine sumu ya arseniki iliyotoka kwenye mwamba wenyewe. Madini ya salfa yaliyomo yakipata hewa na maji hutengeneza asidi kali, na asidi hiyo ikigusa chokaa iliyo udongoni inatoa hewa ukaa badala ya kuifunga. Utakuwa umeharibu shamba la mpunga na hewa hujaisaidia.

Na vumbi la kwazi huchoma mapafu. Kina mama wanaogonga kokoto pembeni mwa barabara zetu wanalivuta kila siku, na hakuna anayewaandikia makala.

"Chokaa nayo ni jiwe, itafaa."

Ukichoma tani moja ya mawe safi ya chokaa, kilo 440 za hewa ukaa zinatoka kwenye jiwe lenyewe, kabla hujahesabu kuni. Ukutani chokaa huirudisha kiasi inapokauka na kukaza. Faida hapo huioni.

"Hewa ikizikwa ardhini italipuka ituue."

Hofu hii naiheshimu, maana ina kisa nyuma yake. Mwaka 1986 Ziwa Nyos la Kameruni lilitapika hewa ukaa usiku na watu wapatao 1,700 walikufa. Lakini pale hewa ilikuwa imeyeyuka katika maji ya kilindi yasiyochanganyika na ya juu, kama soda iliyofungwa kizibo. Ziwa Victoria halina kina cha namna hiyo. Hata penye kina kirefu ni kama mita 80, na upepo huyakoroga maji yake.

Kuigeuza hewa iwe jiwe ni jambo jingine kabisa. Huko Iceland, mradi wa CarbFix ulianza mwaka 2012 kuyeyusha hewa ukaa ndani ya maji na kuyasukuma kwenye bazalti chini ya ardhi. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2016 vilionyesha zaidi ya asilimia 95 imekuwa madini ndani ya miaka miwili. Ikishakuwa jiwe, hakuna cha kulipuka.

"Mawe yatafanya kazi, moshi uendelee."

Dunia inatoa takriban tani bilioni 37 za hewa ukaa kwa mwaka kutokana na makaa ya mawe, mafuta, gesi na saruji. Makadirio yanayotajwa sana ya unga wa bazalti mashambani, nchi kubwa za kilimo zikishiriki zote, yanafika kama tani bilioni 2 kwa mwaka. Na kila lita ya dizeli ya lori linaloleta unga huo hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa, za kutolewa kwenye hesabu.

"Mkulima hapati kitu humo."

Hapa mashaka yamezidi. Udongo wa luseni, ule wa mchanga wa Usukumani, ukiwa umechachuka unaweza kunufaika: bazalti hupunguza uchachu na kuleta kalsiamu na magnesiamu. Kwenye mbuga nyeusi, ule udongo mzito wa mfinyanzi, sitarajii makubwa, kwa sababu kalsiamu imo tayari. Na kumwaga unga wa jiwe shambani si ugeni nchini: mbolea ya Minjingu ni mwamba wa fosfeti uliosagwa, ingawa yenyewe haikusudiwi kufunga hewa.

Akija mtu Kwimba au Magu na magunia na ahadi ya fedha za kaboni, yaani malipo ya hewa ukaa iliyofungwa, muulize ni jiwe gani, limetoka wapi, lina nikeli na kromiamu, metali zinazoweza kudhuru udongo, kiasi gani, na nani atapima hewa iliyofungwa. Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni tangu 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Akikujibu kwamba ni jiwe la kawaida tu, mrudishie gunia lake.