Je, wajua kwa nini Darajani ya Zanzibar haina daraja?

Mgeni anayeambiwa ashuke Darajani, mjini Unguja, hulitafuta daraja asilione. Mbele yake ni barabara pana, soko lililojengwa mwaka 1904 lenye harufu ya samaki na viungo, na watu wanaovuka kwa miguu kutoka Mji Mkongwe kwenda upande uitwao Ng'ambo. Majina yote mawili yanahusu maji, na maji hayapo.

Yalikuwapo. Mji Mkongwe ulijengwa juu ya rasi iliyokaribia kuwa kisiwa, kwa kuwa hori ya bahari iliingia kutoka kaskazini, upande wa Funguni, ikapita nyuma ya nyumba za mawe na kuelekea kusini, hata ikabaki shingo nyembamba tu ya nchi kavu upande wa Mnazi Mmoja. Bamvua likija, hori ilifurika. Maji yakitoka, lilibaki tope. Daraja liliunganisha pande mbili hizo mpaka hori ilipofukiwa kidogo kidogo, na kazi hiyo ikakamilika katika karne ya 20. Barabara ya Benjamin Mkapa ya leo imepita palepale yalipokuwa maji.

Kiswahili ndicho kilichohifadhi kumbukumbu hiyo, kwa silabi moja tu: -ni. Darajani ni penye daraja, Forodhani ni penye forodha, ushuru ulipokuwa ukitozwa, na Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, ni penye mkunazi. Lakini msomaji asidhani kila -ni ni ya mahali. Kajificheni, mtaa mwingine wa Mji Mkongwe, kwa umbo lake ni amri kwa watu wengi: nendeni mkajifiche! Binafsi sijui jina la mtaa linalosisimua kuliko hilo.

Ng'ambo nayo inastahili kutazamwa kwa makini, maana neno hilo humaanisha upande wa pili wa maji kutoka aliposimama msemaji. Ni dhahiri kwamba aliyeanza kulitamka alikuwa upande wa nyumba za mawe, akitazama vibanda vya udongo na makuti vya watu wa hali ya chini. Kwa hiyo hata leo, mkazi anayesema "nakaa Ng'ambo" anautaja mtaa wake mwenyewe kwa jicho la mtu aliyesimama Mkunazini.