Stringi ni nini, na kwa nini 10 hutangulia 2?

Stringi ni data ambayo kompyuta huihifadhi kama mfululizo wa alama, hata pale alama zote zinapokuwa tarakimu. Machoni petu "10" na 10 ni kitu kimoja. Kwa programu ni vitu viwili visivyohusiana.

Chukua duka linalopeleka mizigo kwa bajaji Ngamiani, Tanga, ambako barabara huitwa kwa namba. Faili la wateja lina jina, barabara na simu, vikitenganishwa kwa koma (faili la aina ya CSV). Ukilipanga kwa barabara unapata 1, 10, 11, 12, 2, 20, 3. Dereva akiifuata orodha hiyo, anatoka ya 12 anarudi ya 2, halafu anakimbilia ya 20. Mafuta yanateketea bure.

Stringi hulinganishwa alama kwa alama kuanzia kushoto, kama maneno ya kamusi. Katika ASCII, jedwali linaloipa kila alama namba yake, "0" ina msimbo 48, "1" ni 49, "2" ni 50. Basi "10" ikipambanishwa na "2", shauri linakatwa kwenye alama ya kwanza: 49 ni ndogo kuliko 50. Ile sifuri haitazamwi kabisa.

Kwenye Linux andika:

sort -t, -k2,2n wateja.csv

Sehemu ya -t, inataja koma kuwa kitenganishi, -k2,2 inachagua safu ya pili peke yake, na n inaagiza isomwe kama namba. Hiyo n ndiyo dawa yenyewe. Ila kama karani kaandika "B10", n hukutana na herufi mwanzoni na kuihesabu sifuri, ndipo B zote hurundikana juu. Hapo weka V mahali pa n, maana V husoma namba zilizochanganyika na herufi.

Katika lugha ya Python: sorted(barabara, key=int), ambapo barabara ni orodha ya namba hizo. Nafasi iliyoachwa tupu italeta kosa la ValueError, kwa hiyo iondoe kwanza.

JavaScript ndiyo lugha inayowanasa wengi. [10, 2, 1].sort() hutoa 1, 10, 2 ingawa umeipa namba halisi, maana huzilinganisha kama stringi. Andika sort((a, b) => a - b).

Safu ya simu usiiguse, ibaki stringi. Ukiigeuza kuwa namba, sifuri ya mwanzo hupotea na tarakimu 10 huwa 9. Programu za majedwali huweza kufanya hivyo zenyewe unapofungua CSV. Wakati wa kuingiza faili, teua safu hiyo iwe matini.