Mtoto kanywa mafuta ya taa: usimtapishe, usipoteze muda na maziwa, mlete kituo cha afya

Kwani sumu ni nini hasa? Si ile ya panya?
Hiyo ni mojawapo. Sumu ni kitu chochote kinachodhuru mwili kikiingia, iwe kwa kumeza, kuvuta hewa au kupitia ngozi. Nyumbani kwako sasa hivi zipo nyingi tu, mafuta ya taa, dawa ya chooni, dawa ya kuhifadhia mahindi, vidonge vya presha vya bibi, zile za kuongeza damu za mama mjamzito. Wanaoletwa kwetu wengi ni watoto wa mwaka 1 mpaka 4, umri wa kutembea na kuweka kila kitu mdomoni.

Mtoto kanywa mafuta ya taa, nifanye nini kwanza?
Mtoe chupa mkononi, mvue nguo zilizomwagikiwa, muoshe ngozi kwa maji na sabuni, halafu toka nyumbani uje kituo cha afya. Basi. Usimtapishe, usianze kutafuta maziwa kwa jirani, usimpigie shangazi simu kuuliza yeye alifanyaje. Shangazi utampigia mkiwa njiani.

Kwa nini nisimtapishe? Si bora kitoke?
Hapana, na hili nitalirudia hadi mnichoke. Mafuta ya taa yakikaa tumboni hayana madhara makubwa kama yakiingia kwenye mapafu. Ni mepesi mno, yanateleza, mtoto akitapika kidogo tu yanashuka kwenye njia ya hewa na mapafu yanavimba. Hapo ndo unaona anakohoa, anapumua haraka haraka, mbavu zinaingia ndani, pua zinatanuka, homa inapanda, na sisi tunahangaika na oksijeni. Sasa wewe umemtia vidole kooni, au umemnywesha maji ya chumvi, umeyarudisha mwenyewe mafuta yapite pale pale pabaya. Na maji ya chumvi yenyewe yakizidi ni hatari kwa mtoto. Hata sisi hospitali kwa mafuta ya taa hatumtapishi.

Kwa magadi ya kutengenezea sabuni na dawa kali za chooni ni hivyo hivyo, usimtapishe. Zimeunguza koo zikishuka, zitaliunguza tena zikipanda. Msuuze mdomo kwa maji, mje.

Na maziwa je? Si yanakata sumu?
Maziwa hayakati mafuta ya taa. Hayakati dawa ya mahindi. Hayakati vidonge. Yanachofanya ni kujaza tumbo, mtoto anatapika, tumerudi kule kule. Mafuta ya mawese, mayai mabichi, mkaa wa jikoni uliosagwa, vyote nimeletewa watoto walionyweshwa, hakuna hata kimoja kilichosaidia na vyote vimekula muda.

Lakini mtoto wa jirani alipewa maziwa na akapona.
Alipona kwasababu alikunywa kidogo na mafuta hayakuingia kwenye mapafu, angepona hata bila maziwa. Mama zangu naomba mnielewe hapa, yule mmoja aliyepona ndo anatuletea wengine watano waliochelewa.

Anacheza vizuri tu, nisubiri asubuhi nione?
Usisubiri. Kwa mafuta ya taa kifua kinaweza kubadilika masaa machache baadaye. Vidonge vya kuongeza damu ndo vinadanganya zaidi, vina rangi nzuri kama pipi, mtoto anameza, anatapika, tumbo linauma, halafu anatulia mnadhani kapona, kumbe madini ya chuma yanaendelea kuharibu ini. Panadol nyingi nazo siku ya kwanza hazionyeshi kitu cha kutisha, na dawa yake ya kuokoa ini inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya masaa 8. Kuna sumu za panya zinazozuia damu kuganda, mtoto anaanza kutoka damu baada ya siku kadhaa. Kwahiyo kucheza sio kipimo. Mlete akiwa bado anacheza.

Dawa za kupulizia shamba zina dalili gani?
Mate yanamwagika, jasho, machozi, anaharisha, mboni za macho zinakuwa ndogo sana, kifua kinajaa majimaji. Ipo dawa yake, atropini, ila inachomwa hospitali, haipo kabatini kwako. Dawa ya shamba inapita kwenye ngozi pia, kwahiyo nguo mvue na muoshe, na wewe unayemuosha vaa glavu au hata mfuko wa rambo mikononi. Ikiingia machoni yasafishe kwa maji yanayotiririka dakika 10 mpaka 15.

Nizuieje haya yote?
Acheni kuweka mafuta ya taa kwenye chupa za soda na za maji ya kunywa! Mtoto wa miaka 2 hasomi lebo, anaijua chupa, jana uliifungua ukampa maji humo humo. Unaenda dukani kupimiwa, unarudi nayo, unaiweka chini pembeni ya mlango. Nunua kidumu ambacho hakifanani na kitu cha kunywa, kiwe cha mafuta tu, kikae juu asipofika hata akipanda ndoo. Uvunguni mwa kitanda sio juu. Sabuni ya maji na dawa ya madoa za kupima nazo ni hivyo hivyo.

Sumu ya panya mnaipaka kwenye dagaa mnaacha kwenye kona ya jikoni, mtoto anatambaa. Huyo dagaa nani atamfikia kwanza? Tumieni mtego.

Na jiko la mkaa msilale nalo ndani mmefunga madirisha, hewa yake ya sumu haina harufu, mnalala hamuamki.

Tukifika mtatuuliza nini?
Kanywa nini, kiasi gani, saa ngapi, mmempa nini. Njoo na chupa au paketi yenyewe, hata kama ni tupu. Kama mlimpa maziwa semeni, msifiche kwa kuogopa nesi atagomba. Wa mafuta ya taa hata akionekana mzima tunakaa naye kama masaa 6. Mkiruhusiwa, akianza kukohoa, kupumua haraka au homa, mrudishe usiku huo huo.