Bangi na Parkinson: mkono uliotulia haujapona

Huenda video ya namna hii imeshakufikia kwenye simu. Mzee anatetemeka hadi chai inamwagika, anadondoshewa matone ya mafuta ya bangi chini ya ulimi, na baada ya muda mfupi mkono umetulia tuli. Aliyekutumia ameongeza neno moja tu: "Mpelekee babu."

"Nimeona kwa macho yangu, ametulia"

Si lazima video iwe ya kutungwa. Shida ni kwamba ugonjwa wenyewe una hila. Parkinson huja pale chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayolainisha mwendo wa mwili, zinapokufa kidogo kidogo. Mtetemo unaotokana na hilo hauna kipimo kimoja: mgonjwa akiwa na hofu au akitazamwa na watu, unapanda, moyo ukitulia, unashuka, akilala usingizi mzito, mara nyingi unakoma.

Kuna na jambo la ajabu zaidi. Mwaka 2001 watafiti wa Vancouver, Kanada, waliwapiga picha za ubongo wagonjwa wa Parkinson waliopewa kitu kisicho na dawa yoyote huku wakitarajia nafuu. Ubongo wao ulimwaga dopamini. Tumaini peke yake lilifanya sehemu ya kazi ya dawa! Kwa hiyo nafuu ya mzee yule inaweza kuwa ya kweli kabisa, na bado isiwe imetoka kwenye chupa.

Ndiyo maana dawa ya Parkinson haipimwi kwa ushuhuda. Kundi moja hupewa dawa, jingine hupewa kinachofanana nayo lakini kitupu, na mgonjwa hajui yumo kundi gani. Bangi ilipopitishwa kwenye kipimo hicho, haikung'ara. Uingereza, mwaka 2004, wagonjwa 19 walipewa vidonge vya bangi ili kuona kama vitapunguza kule kujinyonganyonga kwa mwili kunakoletwa na miaka mingi ya dawa za Parkinson. Havikupunguza. Brazil, mwaka 2014, wagonjwa 21 walifuatiliwa kwa wiki 6 kwa CBD, kiungo cha bangi kisicholevya. Mwendo haukubadilika, ingawa waliopewa miligramu 300 kwa siku walisema maisha yao kwa jumla yana unafuu. Hilo la mwisho silidharau. Usingizi na moyo mtulivu ni mali kwa mgonjwa. Lakini si mkono. Colorado, Marekani, wagonjwa 61 walijaribiwa kwa CBD yenye THC kidogo, yaani kile kiungo cha bangi kinacholevya, matokeo yakatoka mwaka 2024: waliopewa dawa hawakuwazidi kwa mwendo wale waliopewa kitupu.

Wanaoitetea bangi hupenda kutaja utafiti wa Israel wa 2014, ambapo wagonjwa 22 walivuta na baada ya nusu saa mtetemo ukapungua. Ni kweli ulifanyika. Ila hapakuwa na kundi la kulinganisha, na kila mgonjwa alijua anachovuta.

"Wazungu wameshaikubali, sisi tumechelewa"

Wameikubali kwa magonjwa mengine. Uingereza mwaka 2010 iliruhusu dawa ya kupuliza mdomoni kwa misuli inayokakamaa kwa wagonjwa wa multiple sclerosis, ugonjwa unaoharibu mishipa ya fahamu. Marekani mwaka 2018 iliruhusu dawa ya maji ya CBD kwa aina mbili za kifafa kikali zisizo za kawaida, ambazo huanza utotoni. Parkinson haimo. Na kura ya tume ya Umoja wa Mataifa ya Desemba 2020, iliyopita kwa 27 dhidi ya 25, iliitoa bangi kwenye orodha kali kupita zote ya dawa za kulevya. Haikusema inatibu nini. Tanzania na Kenya bangi bado ni kosa kisheria.

"Ni mmea tu, hauna madhara"

Mgonjwa wa Parkinson mara nyingi tayari hushukwa na presha anaposimama. Bangi nayo inaweza kuishusha. Mzee akiamka usiku kwenda chooni akaanguka na kuvunjika nyonga, hapo mtetemo hautakuwa shida yake kubwa tena. THC pia inaweza kumchanganya akili na kumwonyesha watu wasiokuwepo, jambo ambalo Parkinson na dawa zake hulileta hata bila bangi. Na chupa yenyewe ina nini? Marekani, bidhaa 84 za CBD zilizouzwa mtandaoni zilipopimwa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha chini ya theluthi moja zilikuwa na kiasi kilichoandikwa. Bidhaa 18 zilikutwa na THC.

Kichekesho ni kwamba mmea wenye dawa halisi ya Parkinson tunao vichakani, na tunaukimbia. Upupu! Mbegu zake zina levodopa, ileile ya hospitali, na Bolivia unga wake umejaribiwa kwa wagonjwa 18 ukafanya kazi. Usikimbilie kusaga, lakini: kiasi hutofautiana mbegu kwa mbegu, na levodopa ikizidi hutapisha na kushusha presha.

Kinachoniuma mimi ni hiki. Watafiti walipopita vijijini wilayani Hai, Kilimanjaro, wakitafuta wagonjwa wa Parkinson, wengi waliowakuta hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Uzee, wanasema watu, au amerogwa. Levodopa inatumika tangu miaka ya 1960, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na babu hajawahi kuionja. Matone ya bangi ndiyo yamemfikia kwanza.

Kama tayari anaimeza levodopa, asiiache ghafla eti kwa sababu amepata mafuta. Kuikatisha hivyo kunaweza kuleta homa kali na kukakamaa kunakohatarisha maisha. Na kama matone ameshayaonja, daktari wake aambiwe, kwa sababu CBD hugongana na dawa kadhaa, warfarini ya kuzuia damu kuganda ikiwemo. Daktari si polisi. Anachotaka kujua ni nini kimo tumboni.