Rahisi Kutoka Wapi?

Ile orodha ya lugha rahisi na ngumu kujifunza imerudi tena kwenye makundi ya WhatsApp. Juu kabisa Kihispania, Kiitaliano na Kireno, Kiswahili katikati, Kiarabu na Kichina mkiani. Na swali lake limeifuata: "Mwalimu, si bora nianze Kihispania, maana ndiyo lugha rahisi kuliko zote?" Nimelijibu kwa mdomo mara nyingi mno. Leo naliandika.

Orodha yenyewe si ya uongo. Asili yake ni Foreign Service Institute, chuo kinachowafundisha wanadiplomasia wa Marekani. Wao huhesabu saa ambazo mwanafunzi huhitaji mpaka aimudu kazi. Kihispania na Kireno ni wiki 24 hadi 30, yaani saa 600 hadi 750. Kiswahili ni wiki 36, saa 900. Kiarabu, Kichina, Kijapani na Kikorea ni wiki 88, saa 2,200. Hizo ni saa 25 hivi kwa wiki mbele ya mwalimu. Za kujisomea hazimo.

Ila wanafunzi hao huingia darasani wakiwa na Kiingereza kichwani. Kinachopimwa pale ni umbali kutoka Kiingereza. Mikindani ni karibu? Kwa aliye Mtwara mjini ni kilomita 10 hivi. Aliye Liwale ana safari. Huwezi kusema "Mikindani ni karibu" ukanyamaza, na huwezi kusema "Kihispania ni rahisi" ukanyamaza. Lazima useme kutoka wapi.

Kiswahili kinamla Mmarekani saa 900 kwa sababu ya upatanisho. Akisema "watu wawili wazuri wamefika", wa- lazima imrudie kila mahali, na kwao hakuna kitu kama hicho. Mtu wa Newala au Nachingwea hajifunzi hilo popote, analo. Mtu na watu kwa Kiyao ni mundu na ŵandu, kwa Kimakonde munu na vanu. Na angalia kilichotokea hapo: umbo la kale lilikuwa na -ntu. Kiswahili kimeangusha n, Kiyao kimeigeuza t kuwa d baada ya n, Kimakonde kimeimeza t kabisa. Kitu kwa Kiyao ni chindu, kwa Kimakonde chinu. Ukishaona mkondo huo unaacha kukariri neno mojamoja, unaanza kubashiri, na mara nyingi unapatia. Mtu kama huyo hahitaji saa 900, wala hahitaji orodha ya Wamarekani.

Sasa nifike kwenye kinachoniudhi. Nikisema lugha rahisi kwa mtu wa huku ni ya jirani yake, najibiwa: "Ndiyo, kwa sababu lugha za kienyeji hazina sarufi." Hapana. Hapana kabisa. Ni rahisi kwa sababu sehemu kubwa ya sarufi yake unayo tayari, na ile usiyokuwa nayo ndiyo itakayokuangusha.

Kiswahili sanifu kimeachana na kiishio -ile cha wakati uliopita, sasa tunatumia -li- na -me-. Kiyao kimekihifadhi, na hakikibandiki tu mwishoni. Kupata inatoa -patile, sawa. Lakini kutenda inatoa -tesile, na kuwona inatoa -weni. Mzizi unavunjwa, na mara nyingine kiishio kinaingia ndani yake. Anayedhani hakuna sarufi atasema "-tendile" maisha yake yote, na wenyeji kwa heshima zao hawatamsahihisha.

Halafu kuna urefu wa irabu, ambao kwenye Kiyao unatenganisha maneno. Kuna ŵ na w, ambazo sikio la Kiswahili huzisikia kama sauti moja: kuŵa ni kuwa, kuwa ni kufa. Awile ni amefariki. Si neno la kubahatisha kwenye simu na mama wa mtu.

Na kuna jambo ambalo Kiswahili hakina kabisa. Kwenye Kimakonde na Kimakua, katika baadhi ya nyakati, kitenzi hubadili umbo kufuatana na mahali habari mpya ilipo, kama ni kwenye kitenzi chenyewe au kwenye neno linalokifuata. "Amekula" ikiwa jibu la "amefanya nini?" na "amekula ugali" ikiwa jibu la "amekula nini?" zinaweza kuchukua maumbo mawili ya kitenzi. Toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, nazo hubadilika kulingana na wakati wa kitenzi. Wanaisimu wameandika kurasa nyingi juu ya hili na bado wanabishana. Hiyo ndiyo lugha inayoambiwa haina sarufi.

Hesabu ni nyepesi, nipite haraka: Kiyao na Kimakonde hujenga juu ya tano, kwa hiyo sita ni tano na moja. Kiswahili ndicho kilichoazima sita, saba na tisa kwa Waarabu.

Kwa anayezungumza Kiswahili tu, iliyo karibu kuliko zote upande wetu ni Kimwani, lugha ya pwani ya Cabo Delgado kule Msumbiji, Ibo na Mocímboa da Praia. Msamiati unaingiliana mno na wetu. Hapa nakiri shaka ambayo vitabu huificha kwa kuchora mistari kwenye ramani: sijui mtu anayehama kutoka Kiswahili kwenda Kimwani "anajifunza lugha" au anazoea lafudhi na kuongeza maneno. Mstari kati ya lugha na lahaja haukuchorwa na sarufi peke yake. Na ukaribu una hasara yake pia, kwani mwanafunzi akishaelewa sehemu kubwa huacha kusikiliza kilichobaki.

Kireno sasa, maana ukivuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala kuingia Msumbiji ndiyo lugha ya ofisi. Orodha inakiita rahisi kwa sababu za Kiingereza. Sisi tunazo zetu. Kwanza, mtendaji yumo ndani ya kitenzi: falo ni nasema, falamos ni tunasema. Sisi tunamweka mbele, wao wanamweka mkiani, lakini hakuna anayelazimika kutaja "mimi". Pili, upatanisho. Jinsia zao ni mbili tu. Anayebeba ngeli zote zile hatishwi na mbili. Tatu, ser na estar, namna mbili za kusema "kuwa", zinazowatesa wenye Kiingereza. Sisi tunazitenganisha kila siku: sou professor, ni mwalimu, estou em casa, niko nyumbani. Kanuni ya kuanzia ni hii: Kiswahili kikisema "ni", jaribu ser. Kikisema "-ko", au "-me-" ya hali kama nimechoka, jaribu estar: estou cansado. Itakukatikia mahali pawili. Mgonjwa ni estou doente japo sisi husema "ni mgonjwa", na jengo lisilohama halichukui estar. Benki iko pale ni o banco fica ali.

Kinachoshinda watu wetu kwenye Kireno ni irabu za puani. Pão ni mkate, pau ni mti au fimbo. Anza na rekodi za Maputo au Pemba kabla ya za Lisbon, ambako irabu zisizo na mkazo humezwa. Na usiyaamini sana maneno ya mkopo. Meza na bendera zitakusaidia, lakini gereza letu limetoka kwenye igreja, na igreja ni kanisa.

Kiarabu kina watu wengi pwani hii waliopita madrasa, nao wana hazina: herufi, sauti za kooni, na mizizi wasiyojua kuwa wanayo. Kitabu, katibu na maktaba ni mzizi mmoja. Hesabu, hisabati na muhasibu ni mwingine. Shida inaanza pale maandishi yanapokuja bila irabu, na pale Kiarabu cha mitaani kinapokuwa si kile cha kitabuni. Kusoma kwa sauti si kuelewa.

Kuhusu Kichina, husemwa kuwa mwenye Kimakonde au Kiyao atazimudu toni zake kwa sababu naye anazo. Nasita kuahidi hivyo. Toni zetu kwa sehemu kubwa hutembea na sarufi, za Kichina zimefungwa kwenye neno lenyewe. Sikio huenda likasaidiwa. Maandishi hayana msaada.

Kwa hiyo, kabla ya kuniuliza, chukua karatasi. Andika lugha zote unazozisikia vizuri, hata ile ya bibi unayoielewa bila kuisema. Kwa kila lugha unayoitaka, jiulize kama upatanisho upo, kama kuna sauti ambazo huzitenganishi, maneno mangapi kati ya mia ya kila siku unayabashiri, na kama kuna mtu wa kuzungumza naye kila wiki. Hilo la mwisho hupindua mengine yote: Kimakua bila jirani Mmakua, na bila vitabu madukani, kitakushinda kuliko Kireno chenye redio na kamusi. Kisha hesabu saa. Ukisoma saa moja kwa siku bila kuruka, saa 600 ni miezi 20, saa 2,200 ni miaka sita. Ukiishia nusu saa, zidisha mara mbili.