Injini ya Sataranji: Uiandike kwa Lugha Gani?

Ukiuliza lugha ya kuandikia injini ya sataranji, yaani programu ya kompyuta inayocheza mchezo huo, utajibiwa haraka: C++. Si uongo. Stockfish, injini mashuhuri, imeandikwa kwa C++, na injini nyingi zinazochuana nayo ni za C++, C au Rust. Hata hivyo, kwa injini ya kwanza namshauri mtu aanze na lugha anayoimudu tayari.

Tazama hesabu. Katikati ya mchezo, mchezaji huwa na hatua halali kama 35. Kuangalia hatua nne mbele, mbili za kila upande, kunazaa mikao 1,500,625. Mbinu ya alfa-beta, inayoruka matawi yasiyoweza kubadili jibu, ikibahatika kuanza na hatua bora kila mara, hufikia jibu lilelile kwa kupima mikao 2,449 tu. Hiyo ni nafuu ya zaidi ya mara 600, na hakuna lugha itakayokupa kasi hiyo kwa kubadilisha sintaksia.

Lugha huanza kuuma kwenye biti, zile 0 na 1 zinazounda namba ndani ya kompyuta. Ubao una miraba 64, kwa hiyo namba moja ya biti 64 inatosha kuonyesha vitunda (zile kete ndogo za mbele) vyote vyeupe vilipo, biti moja kwa kila mraba. Kuvisogeza vyote mbele ni kusukuma biti nafasi 8, kisha kufuta zilizoangukia mraba wenye kete. C, C++ na Rust hufanya hivyo kwa amri chache za prosesa. Java inaweza pia, ila namba yake ya biti 64 hubeba alama ya hasi: ukisukuma kulia kwa >> badala ya >>>, kete iliyo h8, mraba wa biti ya mwisho, itazaa vivuli, yaani kete zisizokuwepo. JavaScript ndiyo kero zaidi, kwani shughuli za biti kwenye namba zake za kawaida huishia biti 32. Python haina kikomo cha ukubwa wa namba, hivyo kete hutoka nje ya ubao usipoikata namba mwenyewe ibaki na biti 64.

Lugha yoyote utakayochagua, hakikisha injini inahesabu hatua sawasawa kabla ya kutafuta kasi. Ukihesabu njia zote za kucheza hatua moja, mbili, hadi tano kuanzia mwanzo wa mchezo, lazima upate 20, 400, 8,902, 197,281, kisha 4,865,609. Ikipungua 258 kamili kwenye ile ya tano, umesahau kanuni ya kula kitunda kilichoruka miraba miwili.

Kuhama lugha baadaye hakuna gharama kubwa kama watu wanavyodhani. Itifaki ya UCI, ambayo injini huitumia kuwasiliana na programu nyingine, ni mistari ya maandishi tu, kwa hiyo injini ya Python na mrithi wake wa Rust zinaweza kuchezeshwa zenyewe kwa zenyewe usiku kucha.