Betri ya kitufe huunguza hata ikiwa imekwisha

Watu huiogopa ile betri ndogo ya duara kwa sababu ya sumu iliyomo. Hatari kubwa ni umeme wake. Betri ya CR2032 ina upana wa milimita 20 na nguvu ya volti 3. Ikikwama kooni kwa mtoto mdogo, mate na nyama ya umio huunganisha pande zake mbili, umeme ukaanza kupita. Upande wa hasi, usio na alama ya kujumlisha, hujitengeneza kemikali kali ya jamii ya kostiki soda ya watengeneza sabuni. Muda wa saa mbili unatosha kuacha kidonda kibaya.

Ndiyo maana betri “iliyokwisha” siiamini kabisa. Ikishindwa kuwasha rimoti, bado ina nguvu ya kuunguza koo. Asiyeamini aibane kati ya vipande viwili vya mnofu mbichi wa kuku vinavyogusana, aviweke asikofika mtoto, kisha afunue baada ya saa mbili aone weusi.

Kagua rimoti ya gari na ya redio, mizani ndogo ya jikoni, mishumaa ya betri, kadi za muziki, midoli ya bei rahisi, na zile kaunta za tasbihi za kuvaa kidoleni. Kifuniko kisichofungwa kwa skrubu kizungushie salotepu. Ukibadilisha betri, funika ya zamani kwa salotepu pande zote mbili papo hapo, uiweke kwenye kopo la mfuniko, juu. Usiifagilie jaani uani, watoto huchezea humo. Wala usiichome, hupasuka.

Mara nyingi hakuna aliyemwona mtoto akimeza. Shuku betri akitoa udende kuliko kawaida, akikataa kula, akikohoa au kutapika ghafla, hasa ukikuta kifuniko cha rimoti kiko wazi.

Hapo usimtapishe. Usimpe tonge la ugali wala ndizi la kusukumia, kama tufanyavyo kwa mwiba wa samaki; betri si mwiba. Mtoto aliyezidi mwaka 1, anayeweza kumeza, na ambaye hazijapita saa 12 tangu ameze, mpe asali vijiko 2 vya chai kila dakika 10, isizidi mara 6, mkiwa njiani. Asali hupunguza ukali tu, haitoi betri, hivyo msichelewe kuondoka kwa kuitafuta. Wa chini ya mwaka 1 asipewe asali. Zaidi ya asali hiyo, mtoto asile wala asinywe kitu.

Aliyeko Kitangari au Nanyamba, mkoani Mtwara, asipoteze muda kwenye zahanati isiyo na eksirei. Nendeni moja kwa moja hospitali yenye eksirei, na mwingine apige simu mbele aulize kama betri inaweza kutolewa hapo au mpelekwe kwingine. Bebeni pakiti au betri inayofanana nayo. Mlangoni semeni “betri”, msiseme “kitu”. Kwenye picha inafanana na sarafu, ila pembeni ina duara mbili, moja ndani ya nyingine. Mwombeni daktari aitazame hiyo. Iliyoingia puani au sikioni nayo ni dharura, na isitiwe dawa ya matone.

Betri ikishatolewa, kidonda huweza kuendelea kuchimba hadi kwenye njia ya hewa au mshipa mkubwa wa damu, hata wiki kadhaa baadaye. Akitapika damu, ijapokuwa kidogo, au akipata choo cheusi kama lami, mrudisheni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.